Baridi ilipogandisha asali yangu na ya Mama Astrid

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Nauza asali huku Katuba, na haya yamenikuta mimi mwenyewe. Siongezi chumvi wala sukari.

Kwetu miezi ya baridi ikiingia, asali safi huganda. Ndiyo kawaida yake. Lakini wateja wengi wanaamini iliyoganda imetiwa sukari.

Mwaka huu chupa zikaanza kurudi. Dada mmoja alinibwagia yake mezani mbele ya watu: "Papa, unatuuzisha sukari! Hauna haya?"

Jamani, niliumia. Meza hiyo ndiyo inasomesha wanangu.

Rafiki yangu Déo, anayenitengenezea video za matangazo, akaja na wazo. Mama Astrid wa mtaa wa Naviundu naye anauza asali, na yake ilikuwa imeganda vilevile.

Déo akasema, "Ya kwetu tuipashe moto, iyeyuke. Kisha tuonyeshe ya ule mama, tuseme iko sukari. Bantu bote batakuja kwetu!"

Lingefanya kazi, sibishi. Ila ni kumzika mtu kwa uongo ninaoujua.

Nikamwambia, "Déo, hapana. Umuite ule mama, tufanye video naye."

Mama Astrid alikuja amenuna, akidhani tunamtega. Tukaweka chupa yake na yangu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Zikayeyuka zote mbili, polepole, simu ikirekodi. Aliyeeleza kwamba asali safi huganda kwa baridi ni Mama Astrid, na mama huyo ana mdomo, nyie!

Video ikasambaa. Mteja wa kwanza kufika kwangu akauliza: "Ule mama wa video anauzishia wapi?"

Wakuu, wivu ulinishika. Nikamwelekeza Naviundu. Déo alininunia siku nzima.

Lakini chupa ziliacha kurudi.

Baadaye moto wa porini ukaunguza mizinga ya watu wanaoniletea asali. Meza ikabaki tupu. Nikamwona Mama Astrid anashusha bidoni mbili, madumu ya asali yake, mbele ya meza yangu.

"Uzisha, papa, tutagawana. Bandika jina yako, ba client bamezoea weye."

Hilo la jina nilikataa. Kwenye chupa nikabandika jina lake juu, langu chini. Mpaka leo ziko hivyo.

Nilichojifunza ni kwamba kumchafua mwenzako hakusafishi chupa yako.

Nyie mnaotangaza bidhaa, mngepiga video ipi? Semeni, hata kunipinga ruksa. Déo bado ananiita mjinga, ila asali ya nyumbani kwake anachukua kwa Mama Astrid.