Sikumpa Adui wa Angani Uso wa Shangazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya plasta pamoja na mwigizaji mwenye woga wa kupakwa usoni. Ilikuwa studio moja ya Ubelgiji iliyotengeneza tamthilia za viumbe wa sayari za mbali. Mkuu wa karakana alinipima kwa macho, akasema, "Ukimziba pua, umemuua." Sikumziba. Plasta ilipokauka niliibandua nzima. Hiyo ndiyo kalibu: inatunza umbo la uso wa mtu, nasi tunaitumia kufinyanga uso mwingine utakaomkaa sawasawa.

Mimi ni mtu wa Kasongo, mashariki mwa Kongo. Nilijisomesha kwa kufua mashuka ya hoteli, na diploma yangu nimeitundika sebuleni. Asiyependa kuisoma aangalie dirishani.

Nilipanda hadi kuwa msanifu wa viumbe. Ndipo mkuu wa usanifu akaniita. Katika tamthilia yetu kulikuwa na maadui waliokula mateka wao. Watazamaji walikuwa wamechoka na sura zao, tukaagizwa kuzibuni upya. Akanionyesha picha ya zamani: mwanamke mwenye chale, nukta zilizovimba kwa mistari kutoka kipajini hadi mashavuni.

"Inatisha vizuri. Nakili hii."

Shangazi yangu wa kijiji cha Wamaza, aliyenilea, ana chale hizohizo. Alichanjwa alipokuwa mwali, na hakulia.

"Kwetu huu ni urembo," nikamwambia.

"Kwenu hawaangalii televisheni yetu, Madame."

"Mimi naiangalia. Sifinyangi."

"Basi atafinyanga mwingine, nawe utarudi kwenye ndoo."

Sikumsubiri huyo mwingine. Nilifinyanga kichwa cha kambale wa mto wetu Lualaba: ngozi ya utelezi, macho madogo yaliyoachana, sharubu ndefu. Nikakimimina kwa silikoni, mpira laini unaocheza pamoja na misuli ya uso, nikambandika mwigizaji, nikampeleka kantini wakati wa chakula. Mwongozaji, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho, aliweka uma chini.

"Nani ametengeneza hiki?"

"Mimi. Nina diploma."

Kambale akapigwa picha za tamthilia. Mkuu wa usanifu hakunisalimu tena mpaka nastaafu. Sikukonda.

Sasa nimerudi Kasongo. Binamu yangu, muuza vitenge sokoni, hanipi nafasi: "Ulienda Bulaya kusomea kutengeneza mashetani? Na hapa iko mengi!" Vijana nao wananiambia ningekubali tu, ni mchezo wa televisheni. Nawajibu: anayefinyanga ndiye anayeamua nani atatisha watu. Mikono ikiwa yenu, amueni.

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki hadi Wamaza, nikamwonyesha Shangazi maadui wangu kwenye simu. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mutoto wangu, huyu samaki iko mubaya!"

"Shangazi, walitaka afanane na wewe."

Akajipapasa shavu.

"Na miye? Wangeweza wapi? Miye niko muzuri."