Jogoo Niliyemnunua Ili Kuleta Amani

Nawasimulia hili na mkicheka mcheke, maana hapa Muheza wameshacheka wote, hata wauza machungwa wa stendi ambao kanisani kwetu hawajawahi kukanyaga.

Majirani zangu wawili, Mama Neema na Mama Eliza, walikuwa wamenuniana. Kisa ni jogoo wa Mama Neema, kila asubuhi anafukua mchicha wa Mama Eliza. Yangekuwa mambo ya uani tu, lakini Eliza alikuwa anaolewa Jumamosi inayofuata, na Mama Neema ndiye mama yake wa ubatizo, anayetakiwa kumshika mkono hadi madhabahuni, naye alishasema haendi. Binti akaja kwangu analia. "Shikamoo Mama Jeni. Nakuomba fanya kitu." Basi mimi na kiherehere changu (mume wangu anasema nilizaliwa nacho), na Jumapili ile mchungaji akawa amehubiri kwamba Mkristo hangoji kuombwa ndipo apatanishe watu, nikaona hapa nimeitwa kwa jina.

Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, si mnajua, huyu katoa mayai, yule ndizi, vinanadiwa, na ukitaka unanunua unamzawadia mwenzio. Akaletwa jogoo kafungwa miguu. Nikapandisha dau mpaka wenzangu wakanyamaza, kisha nikasimama nikatangaza: "Jogoo huyu anatoka kwa Mama Neema, anamzawadia Mama Eliza, kwa upendo." (Uongo mtupu. Nilijiambia ni uongo wa amani.)

Watu wakapiga vigelegele. Mama Eliza hakupiga. Alimtazama jogoo, shingo haina manyoya, kidole kimoja hakipo, akasema taratibu, "Huyu si ndiye anayenimalizia mchicha? Leo Mama Neema ananiletea kanisani, mbele za watu, nimfuge mwenyewe?"

Jamani, kwangu mimi kuku wote ni kuku, ningejuaje? Nikataka kumrudisha kwa mnadishaji, kamba ikafunguka, jogoo akapita katikati ya wazee wa kanisa akaingia ndani, mimi nyuma yake, kitenge kimelegea nimekishika kwa mkono mmoja, tunazunguka madhabahu, na mchungaji kasimama mlangoni ananitazama.

Nilipotoka nimemkumbatia (jogoo, si mchungaji), nikakuta wale wawili wanaongea.

"Haki ya Mungu sikumtuma," Mama Neema alikuwa anasema. "Jogoo nilimtoa sadaka asubuhi asikusumbue tena, ila nikaona haya kukwambia."

"Kumbe," Mama Eliza akajibu, sauti imelainika. "Sasa huyu Mama Jeni katumwa na nani?"

Wakanigeukia kwa pamoja.

Harusi ilifungwa kwa shangwe, Mama Neema kamshika Eliza mkono, nami niliwekwa nyuma ya jiko kumenya vitunguu, hakuna anayenisemesha. Wiki iliyofuata mchungaji akalazimika kuja kupatanisha: Mama Neema na Mama Eliza kwenye kochi moja, bega kwa bega, na mimi peke yangu kwenye kigoda ng'ambo ya meza. Siku hizi nikisikia watu wamenuniana, nawaombea. Kimoyomoyo, tena mlango nimeufunga.