Fundi wa Visukuku na Tundu la Nyonga

Fundi wa visukuku wa makumbusho yetu atanitoa roho. Huu ni mwezi wa nane tangu alikalie jiwe lile lile lenye mifupa ya mnyama wa kale, anachokoa kwa sindano, anapuliza vumbi, anaguna, na maonyesho yanafunguliwa kesho. Ukimuuliza atamaliza lini, hainui hata kichwa. "Huyu alitembea hapa mabara yote yakiwa bara moja. Wewe siku moja inakushinda?" Jana mkurugenzi alileta kibao kilichoandikwa "Dinosaria wa Kwanza." Fundi akavua miwani, akamwonyesha tundu la nyonga, pale mfupa wa paja unapoingia. "Angekuwa dinosaria, bosi, hapa pangekuwa wazi. Pamezibwa na mfupa. Huyu ni binamu yao tu." Mkurugenzi akasema watu hawaji kutazama binamu. Nikamkanyaga fundi mguu anyamaze, maana mkataba wake unaisha mwezi huu na wa kusaini mwingine ni mkurugenzi huyo huyo. Wapi! Akachukua kalamu, akaongeza "Binamu wa" mbele ya maneno yale, akafuta "wa Kwanza." Mkurugenzi akatoka. Fundi akashika sindano, akairudisha mezani. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Ikabidi nishike brashi mimi, nisiyejua lolote, naye akinielekeza polepole pa kupitisha.