Niliita akili "mayele", Musafiri akakosa shule

Wakuu, nawasalimu kutoka Mushaki, mashariki ya Kongo. Umri wangu hauniruhusu tena kuongeza chumvi. Pokeeni hii kama ilivyokuwa.

Miaka ya hamsini nilikuwa mkalimani wa mzungu mmoja, mtaalamu wa saikolojia. Tangu ujana wake alikuwa na swali moja tu: kwa nini huyu anawaza haraka kuliko mwenzake? Alishapima wachimba madini, askari, wanafunzi. Watu walimwita Papa Mbao, kwa sababu ya vipande vya mbao alivyowapa wavipange.

Alikula peke yake. Mimi pia, Muhunde wa Masisi katikati ya watu wa msitu wa Walikale. Nje ya test hatukuwa na la kuongea.

Katika kijiji kimoja cha huko, Kashebere, nilipata rafiki mmoja, Musafiri, mtega wanyama. Mshindi wa test angepelekwa kusomea uuguzi, na yeye aliitamani sana nafasi hiyo. Siku moja kabla nilimwachia vipande ajaribu (najua, haikuruhusiwa). Alivimaliza kabla sijafunga kamba za viatu.

Kesho yake, mbele ya kijiji, nikatangaza:

"Leo tunatafuta mutu mwenye mayele!"

Neno hilo nililitoa kwa askari waliosema Kilingala. Kwangu lilikuwa akili. Kwa watu wa pale lilikuwa ujanja wa kula haki ya mwenzako.

Wakacheka. "Musafiri, kaka, njo wewe! Nyama ya mitego yetu inapoteaka wapi?"

Musafiri akanitazama. Akapanga vipande ovyo, polepole, asionekane ndiye mwenye mayele. Waliomfuata wakafanya vilevile.

Papa Mbao akaniuliza, "Watega hodari hivi, wanashindwaje na mbao?"

Nilishaelewa. Niliogopa kufukuzwa.

"Sijui, Monsieur."

Nafasi ikaenda kijiji kingine. Papa Mbao akaondoka na daftari zake, kosa langu likiwa ndani. Musafiri hakunisalimu tena; alidhani nilimtega makusudi.

Miaka mingi baadaye nilirudi kumweleza. Alisikiliza huku akisuka kamba ya mtego.

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua."

"Basi muzungu alikuwa naye karibu, ule mutu wa mayele. Iko wewe."

Wakuu, kukosea neno kungesahihishwa kwa sentensi moja. Kunyamaza ndiko kulikomnyima mtu shule, na mimi rafiki.

Mliotoka Kashebere, neno hilo bado lina maana ileile? Andikeni hapa. Nasoma zote.