Safari ya Kumfuata Dada Asiyeshika Simu

Niliondoka Kitale kwa sababu dada yangu Nasimiyu alikuwa hashiki simu yangu. Miaka hiyo simu za mkono zilikuwa zimeanza kuenea kwetu, kwa hiyo kisingizio cha kutopatikana hakuwa nacho. Niliporudi kutoka Uingereza, nilikokuwa nikitunza wazee, alikuja kunisalimu mara moja, akakaa mchana mzima, akarudi kwake upande wa Bungoma. Baada ya hapo kimya. Wazazi wetu walishatuacha. Nikimpoteza na huyu, nyumbani kwetu nitaenda kwa nani?

Asubuhi na mapema jirani yangu, Mama Njoroge, alinipa nafasi kwenye pikapu yake ya kabichi, akipeleka soko la Chwele. Akaniangalia mikono.

"Na unaenda kwa watu bila kitu?"

Nikamwambia dada hana shida ya kitu.

"Nani amesema ako na shida?" akajibu. Tulipofika Kiminini akasimamisha gari ninunue sukari, majani ya chai na mkate. Nilinunua huku nimenuna. Kule nilikotoka mtu akihitaji kitu husema, na usipoambiwa huna kosa. Raha hiyo nilikuwa nimeizoea.

Kupita Kimilili barabara ilikuwa matope, tukaenda polepole, nami nikalalamika njia nzima: watu wetu hawasemi saa, wakisema hawafiki, wakifika wanaingia bila kubisha. Mama Njoroge alinisikiliza tu. Tulipoanza kuona vibanda vya Chwele ndipo akasema, "Wewe bana umerudi mwili tu. Ile ingine bado iko kwa ndege." Iliniuma, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kushuku hivyo.

Chwele nikachukua bodaboda ya baiskeli. Kila kilima mwendeshaji alinishusha, tukapanda kwa miguu kama wapagazi wawili, na nauli haikupungua.

Kwa dada nilimkuta akianika mahindi. "Umefika," akasema, bila kutabasamu. Akapokea mfuko, akanipa kiti. Nikamwambia asijisumbue, nimeshiba, na kweli njiani nilikuwa nimeumega ule mkate. Akaniacha hapo. Haukupita muda nikasikia kuku akilia nyuma ya nyumba.

Nikamfuata jikoni. "Dada, nimekukosea nini?"

Akaendelea kunyonyoa. "Kwani hujui?"

"Sijui."

"Nilitoka hapa asubuhi kuja kwako. Ukaniuliza, ati, 'Dada, utakula?' Nikasema nimeshiba. Na wewe ukaamini."

"Si ulisema?"

"Ulitaka niseme nini, Nafula? Niseme niko na njaa, kama mtu amekuja kuomba? Nilirudi na hiyo njaa mpaka hapa. Watoto wakaniuliza kwa auntie mlikula nini. Nikawadanganya. Nikasema kuku."

Nililia pale jikoni, na haukuwa moshi. Kule kwa wazee nilimuuliza kila mtu: chai au kahawa, sukari au bila, utakula au hutakula. Akikataa, umekubali. Kumwamini ndiyo ilikuwa kumheshimu. Kwetu mgeni haulizwi. Unabandika sufuria, yeye anakataa, nawe unaendelea kupika. Aliyenifundisha hivyo nikiwa mdogo alikuwa dada huyu huyu. Sasa nilikuwa nimetaka aombe chakula kwa mdogo wake.

Nikamwomba msamaha. "Kaa ule," akasema.

Jioni alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea ndizi. Nikamuuliza atakuja lini Kitale. "Tutaona," akasema, akiangalia upande mwingine. Siku chache kabla ningemng'ang'ania anitajie siku na saa. Safari hii nikapokea ndizi tu. Nilirudi Kitale na ndizi zangu na hofu yangu, nisijue kama mlango wangu ataukanyaga tena.

Ndizi ziliiva, zikaisha. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa siku dada alipoingia ndani bila kubisha, vumbi hadi magotini.

"Sikai," akasema. "Nimepita tu. Na nimeshiba."

Nikaenda jikoni nikabandika maji ya ugali, nikachukua kisu, nikatoka nyuma kukamata kuku. Niliporudi alikuwa amevua viatu.