Pua ya Jorina

Miaka kumi na moja nimefanya kazi hatua sita kutoka kwa Jorina Bewa, na sijapata siku moja ya amani. Yeye huchambua plastiki, mimi huiyeyusha. Akikosea yeye, mashine huziba kwangu; akiambiwa amekosea, husema mashine yangu ndiyo mbovu. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Hapa mtaani Islambagh kila karakana ina lundo la plastiki chakavu, na kando ya lundo kuna kigoda kimoja. Anayekikalia huchoma ncha ya kipande, hunusa moshi, kisha hutupa: hiki kapu hili, kile kapu lile. Mwenye karakana yetu, Haji Kefayet, ana msemo wake: kigoda ni cha pua, si cha mtu. Pua ikichoka, mtu hushuka akaoshe mifuko mtoni, ameinama kutwa nzima. Jorina ni mjane, amekikalia kigoda miaka ishirini na sita, na mgongo wake hauinami tena.

Sikatai kwamba anajua. Mwaka juzi alikuja Tasmia, mwanafunzi wa chuo kikuu, na daftari lake. Akatueleza kwamba plastiki zote ni minyororo mirefu. Iliyonyooka hulala pamoja ikabanana, tukapata ndoo ngumu. Yenye matawi haibanani vizuri, ndiyo hii mifuko laini. Na iliyofungwa fundo kwa fundo kama wavu haiyeyuki tena.

"Hiyo ya mwisho ni sahani za melamini," Jorina akamkatiza. "Samli ukiipasha inayeyuka, ikipoa inaganda, kesho unaipasha tena. Yai ukishalichemsha, umelichemsha. Hilo nalo mpaka uende chuo, mwanangu?"

Binti hakukasirika. Akasema pia kuna minyororo inayoungana kwa kushikana mikono tu, bila kupoteza kitu, na mingine ambayo kila kiungo kikishikana na mwenzake, tone la maji hutoka.

"Kama mimi na marehemu," Jorina akasema. "Kila tukipatana, machozi yalinitoka mimi."

Kabla ya kuondoka, Tasmia alimwachia kipande cha waya wa shaba. Unaupasha moto, unaugusisha kwenye plastiki, unaurudisha motoni. Kama plastiki ni ya jamii ya mabomba, moto hugeuka kijani. Jorina akautundika msumarini. "Huo ni wa wasio na pua, shangazi yako anayo."

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, alilala siku tisa na homa. Aliporudi, balaa likaanza. Plastiki ya chupa za maji na ile ya mabomba zote huweza kuwa angavu, na zote huzama majini. Kwetu harufu ya moshi ndiyo huzitenga. Kipande cha bomba kikiingia kwenye kapu la chupa, huungua kabla wenzake hawajayeyuka, na mzigo wote hutoka na madoa meusi. Wiki moja nilifungua mashine mara nne. Nikampigia kelele, naye akanipakulia wali na samaki wa haradali, kama kawaida yake mchana. Samaki alikuwa ameoza. Nikajua ananikomoa.

Mara ya nne, moshi wenye kuchoma koo ulijaa karakana nzima. Haji mwenyewe alitoka mbio, kofia mkononi. Nilipogeuka, Jorina alikuwa kigodani, anapangusa macho kwa upindo wa sari na kuuliza vumbi hili lote linatoka wapi. Hapo nikaelewa, na hasira yangu ikakosa pa kwenda.

Haji naye alimwona. "Kesho baada ya adhuhuri nitakupima," akamwambia.

Jioni nikamsihi. "Dada, chukua ule waya."

"Kanchan, nenda kwa mkeo."

Kesho yake Haji akampa kipande angavu. Jorina akakichoma, akakinusa muda mrefu mno. Mimi nilikuwa nyuma ya Haji na niliipata ile harufu kali ya bomba. Basi nikakohoa. Nikakohoa tena.

"Nani kakuomba ukohoe?" akanigeukia mbele ya watu wote. "Unadhani mimi ni wa kunong'onezewa majibu?"

Nilitamani kumrushia koleo. Najidhalilisha kwa ajili yake, naye ananianika!

Kisha akainuka, akautungua waya. "Haji, pua imekufa tangu ile homa. Ukitaka kunishusha, nishushe. Ila kwanza tazama."

Moto ukawaka kijani. Kipande cha pili, moto haukubadilika. Haji akachota vingine lundoni, kumi, kumi na tano, na Jorina hakukosea hata kimoja. Mwishowe Haji akautaka waya ajaribu mwenyewe, akaunguza kidole, akaurudisha.

"Kaa," akasema, akaenda zake akikipuliza.

Mimi sikuambiwa hata ahsante. Niliambiwa kwamba kukohoa sijui, na kwamba mashine yangu bado ni mbovu. Halafu akafungua kopo la chakula, lakini hakunipakulia. Alilisogeza mpaka puani pangu, uso ameugeuzia ukutani.

"Nusa," akasema polepole. "Wajukuu wangu watakula hichohicho jioni. Niambie kweli."

Nikanusa. Samaki alikuwa mzima. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika, na mara zote tatu nilimjibu.