Mama Ameokoka, Pombe Nipike Mimi

Baba alitangaza jambo lile tukiwa tunakula mchana, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha. Mpunga ulikuwa unaiva, ndege kweleakwelea wameanza kushuka, na yeye alikwisha kuwaalika watu kama thelathini waje kutuvunia Alhamisi ya wiki ya tatu kutoka siku ile. Akaniangalia mimi.

"Pombe utapika wewe."

Nikamwangalia mama. Mama alikuwa anachambua miiba ya perege, hakuinua uso.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya mvua za El Niño. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani Ifakara nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu, na sikuwahi kupika pombe hata kikombe kimoja. Sikuwa na sababu. Mpishi alikuwa mama. Kwa miaka mingi pombe yake ya mahindi ilifuatwa na watu wa mitaa ya mbali, na ndiyo iliyonisomesha. Lakini mwaka uliotangulia aliokoka. Alirudi kutoka mkutano wa injili sauti imemkauka kwa kuimba, akagawa mitungi yake yote, akalilaza nusu pipa lake la kupikia uani likawa nyumba ya bata, na akaahidi mbele ya kanisa kwamba mkono wake hautagusa pombe tena.

Baba hakuokoka. Alisema hana ugomvi na Mungu, ila mpunga hauvunwi kwa nyimbo. Kwetu watu ukiwaalika shambani wanavuna kutwa nzima, na wewe unawapa chakula na pombe iliyopikwa nyumbani kwako. Kununua kwa jirani aliona aibu.

"Basi mama anielekeze," nilisema.

"Mimi nimeokoka," mama akajibu. "Msinitie majaribuni."

Nikaanza peke yangu. Pombe ya mahindi inaanza na kimea, yaani mahindi yaliyooteshwa, hilo nililijua kwa sababu nililala nacho chumba kimoja utoto wangu wote. Nikachukua mahindi yaliyokuwa juu ya dari ya jikoni, nikayaloweka siku mbili kwenye ndoo, nikayamwaga kwenye gunia lenye maji, nikayafunika kwa majani ya mgomba. Kila asubuhi nafunua, hakuna kitu. Siku ya tatu hakuna. Siku ya tano yananuka kama soksi za mcheza mpira. Mama alikuwa anapita pale mara kumi kwa siku akienda kisimani, anatupa jicho, anaendelea.

Siku ya sita nikayamwagia bata, nao wakayakataa. Hapo mama akasimama.

"Mahindi ya darini yamekaa kwenye moshi tangu mwaka jana," alisema. "Yamekufa. Hayawezi kuota."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Uliniuliza?"

Nilitamani kupiga kelele. Nikaenda kuomba mahindi mengine kwa shangazi, dada yake baba, aliyehifadhi yake kwenye magunia. Yale yakaota vizuri, vijimizizi vyeupe vimeshikana kama uzi. Nikayaanika uani juu ya mkeka, na ilinibidi nikae pale siku tatu na fimbo, kwa sababu bata waliodharau mahindi yaliyokufa sasa walikuwa wanakuja kwa mstari. Mashineni nako wakanifukuza. Mwenye mashine alisema kimea kinaacha utamu kwenye mawe, unga wa watu wengine unaharibika. Nikarudi nikatwanga kwenye kinu mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Kufikia hapo mama alikuwa amepata njia yake. Hakunielekeza, la hasha. Alitoa ushuhuda. Alileta kigoda chake, akakaa mlangoni mwa jiko na Biblia mapajani, na wakati natwanga akasema, kana kwamba anaongea na mtu wa barabarani, "Zamani, nilipokuwa gizani, sikuwa natwanga kimea mpaka kiwe vumbi. Nilikiacha na chenga chenga."

"Unaniambia mimi, mama?"

"Nasimulia tu jinsi Bwana alivyonitoa mbali."

Jumatatu ya wiki ya mavuno nikalikokota nusu pipa, nikalisugua kwa mchanga na majivu tangu alfajiri, maana bata si viumbe wasafi. Nikalipandisha kwenye mafiga, nikachemsha maji, nikaanza kusonga uji wa unga wa mahindi kwa mwiko mrefu kama kasia. Jua limepanda, moshi machoni, mgongo unaniuma. Na mlangoni ushuhuda unaendelea.

"Katika siku zangu za dhambi nilikuwa nikifika hapo napunguza kuni."

Nikapunguza kuni.

"Katika siku zangu za dhambi sikuwa nakoroga upande mmoja tu kama anayesukuma mtumbwi."

Nikakoroga pande zote.

"Wakati ule wa giza, uji ulivyosema 'bwaka, bwaka' namna hiyo, nilijua umeshika chini."

Nikautupa mwiko. "Mama! Ama uje ushike mwiko, ama ukae kimya! Wokovu gani huu wa kunikalia shingoni?"

Sikuwahi kumpandishia mama sauti namna ile. Akafunga Biblia yake polepole, akachukua kigoda, akaingia ndani. Nilisikia mlango wa chumba ukifungwa, na kwa dakika chache nikafurahia ule utulivu. Kisha nikagundua sijui kinachofuata.

Nilichojua ni kwamba uji ukishaiva unautia kimea, nacho kinaugeuza. Uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu, unakuwa togwa, na togwa ndiyo mwanzo wa pombe. Nikaepua, nikasubiri kidogo, nikaona mvuke umepungua, nikamimina kimea chote na kukoroga. Nikangoja. Nusu saa, saa nzima. Uji ukabaki mzito vilevile. Nikaonja: hakuna utamu, unga mtupu. Ungeweza kubandika karatasi ukutani kwa kitu kile.

Saa nane baba akarudi, akachungulia ndani ya pipa. "Sasa hii watainywa au watailamba?"

Nilikuwa nimekaa chini naangalia viganja vyangu.

"Watu wanakuja Alhamisi," akasema. "Wengine wanatoka mpaka kijiji cha Mbingu."

"Najua, baba."

"Mwombe radhi mama yako." Akachukua baiskeli yake akaondoka tena. Huo ndio ulikuwa msaada wake wote katika shughuli ile, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nikaenda kubisha. Mama alikuwa amekaa kitandani anashona kitambaa cha kwaya. Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nimekosa adabu. Na uji umekataa."

Akakata uzi kwa meno. "Ulitia kimea uji ukiwa wa moto?"

"Mvuke ulikuwa umepungua."

"Mvuke!" Mara ya kwanza siku ile alipaza sauti. "Mwanangu, mvuke unapimwa na nani? Kidole! Unachovya kidole cha kati, unahesabu. Usipofika tatu, bado moto, utakiua kimea. Ukipita tano, umechelewa. Zamani," akajikumbuka, "zamani nilikuwa nafanya hivyo."

"Sasa nifanye nini?"

Akasimama, akaja mpaka kwenye pipa mikono ameifunga nyuma kama mfungwa, akainama, akanusa. Akasema aliwahi kuua kimea hivyohivyo akiwa bibi harusi mpya, mama mkwe wake akimwangalia, na kwamba dawa ni kuongeza kimea kizima uji ukiwa vuguvugu. Lakini kimea cha mahindi kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni kile cha ulezi, kikombe kama sita, ambacho baba alikuwa ameagiza kutoka Mahenge kwa ajili ya kuchachusha siku ya pili.

"Tia hicho," akasema.

"Na cha kuchachushia?"

"Tia kwanza."

Nikachovya kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Nikatia. Nikakoroga, na mama amesimama hatua mbili kutoka kwangu, midomo yake inacheza kila mwiko ulipozunguka. Kabla sijamaliza kukoroga mara ya pili nilihisi mwiko umekuwa mwepesi mkononi. Uji ulikuwa unalegea. Kufikia saa kumi ulikuwa unateleza kama maji, na nilipoonja ulikuwa mtamu hata nikacheka peke yangu. Nilimpa mama kata moja. Togwa haikatazwi, kwa hiyo akanywa yote, akafuta mdomo, akasema imezidi maji.

Jumanne nikaichemsha upya mpaka ikawa nyekundu. Nikaichuja kwenye ndoo tatu za plastiki ikapoa, na sikuwa na cha kuichachusha. Alikuwapo mtu mmoja tu wa karibu wa kumwomba machicha ya pombe inayochachuka: mama muuza pombe wa nyuma ya nyumba yetu, ambaye mama alikuwa amemhubiria moto wa milele kila Jumapili kwa mwaka mzima. Nilikwenda mimi. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba machicha anayo, ila nimtume mama yangu aje mwenyewe.

Nilirudi nikijua shughuli imeishia hapo. Nikamweleza mama. Akajifunga khanga ya pili, akachukua ndoo ndogo yenye mfuniko, akatoka. Nilimfuata hadi kwenye ua, nikasikia kila kitu.

"Bwana asifiwe," alisema mama muuza pombe, akicheka. "Leo mlokole, umefuata nini kwa wenye dhambi?"

"Shida imenileta, mwenzangu. Mtoto ameharibikiwa."

"Na ule moto?"

"Moto upo palepale," mama akasema. "Lakini nakuomba."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, akaijaza ndoo.

Alhamisi pombe ilikuwa tayari, inatoa povu, chungu kidogo na nzito, na watu thelathini waliuvuna mpunga wote kabla jua halijainama. Waliisifu. Waliposifu walisema, "Binti amerithi mkono wa mama yake," nami nikatabasamu meno yameshikana.

Ila mke wa mzee wa kanisa alikuwa amemwona mama barabarani na ile ndoo. Jumapili ile mama aliitwa mbele ya wazee, akakiri bila kuzungusha, wakamsimamisha kwaya kwa miezi miwili. Nilikasirika. Nikaenda mwenyewe nyumbani kwa yule mzee. "Shikamoo," nikamwambia, "kosa lilikuwa langu, mama hakugusa pombe, alibeba ndoo tu." Akanisikiliza vizuri, kisha akasema mimi sijaokoka, maneno yangu hayawezi kumsaidia. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa shambani kwetu Alhamisi ile, na alikunywa mpaka ikabidi arudishwe akiwa amefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Nilitaka kulisema hilo. Nililimeza, nikaaga.

Mama alikaa benchi la nyuma kwa ile miezi miwili na akaimba akiwa hukohuko, kwa sauti iliyoifunika kwaya nzima, hata mwalimu wao akaomba wamrudishe mapema ili wapate kusikilizana. Wazee wakakataa. Aliimaliza adhabu yake yote, na mimi sikupata kumsikia akilalamika. Nilipomwambia kwamba wamemwonea, alinijibu, "Niliahidi, nikabeba. Wewe ulitaka wafanye nini?" Jibu hilo liliniudhi zaidi.

Barua ya chuo ilikuja mwezi wa nane. Msimu uliofuata sikuwepo, na baba akawaalika watu kwa wali na mbuzi. Walikuja kumi na mmoja. Wakavuna siku nne, na kweleakwelea wakachukua kipande kizima cha upande wa mto. Aliniandikia barua ya kurasa mbili kulalamikia ndege.